Injinia na Diski ya Pili

Tulimwita Injinia kwa sababu ukimwita kitu kingine hakuitika. Huo uinjinia aliupatia wapi sijui, na kwa miaka minane niliyofanya naye kazi sikukutana na mtu anayejua. Mwenyewe alisema alijifunza kazini. Sina ubishi na hilo, wengi wetu tumejifunza kazini. Tofauti ni kwamba sisi bado tunajifunza, naye alikuwa amemaliza.

Ofisi yetu ni ya wapima ardhi, iko Kitengela, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo. Wapimaji huenda mashambani, wengine hadi karibu na Namanga, wakarudi na vipimo, picha na sauti za wazee walioonyesha mipaka. Mimi ni karani wa kumbukumbu. Nilikuja kutoka Kakamega na cheti changu cha ukutubi, na kazi yangu ni kuhakikisha kwamba siku mtu akiuliza jambo, linapatikana. Injinia aliponiuliza nilisomea nini nikamwambia, alisema "Maktaba" kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa mwenzake, na tangu siku hiyo hilo likawa jina langu.

Kumbukumbu zenyewe zilikaa katika sanduku la chuma lenye diski kubwa nane zinazozunguka. Sanduku lilinunuliwa na ofisi, lakini ufunguo wa chumba chake ulining'inia shingoni mwa Injinia, hata kanisani. Kilikuwa ndicho chumba pekee chenye kiyoyozi katika jengo zima, na alihamishia meza yake humo wiki ya kwanza tu. Wageni walielezwa kwamba mitambo haipendi joto. Maziwa lala, yale ya kugandishwa, nayo hayapendi joto, maana kibuyu chake kilikaa juu ya lile sanduku kila siku mpaka saa saba za mchana, alipofunga mlango akala. Niliwahi kumuuliza itakuwaje kikimwagika. Akaniuliza kama nimewahi kuona injinia akimwaga kitu.

Kauli yake kubwa ilikuwa "iko kwa kichwa". Neno la siri la sanduku lilikuwa kwa kichwa. Namna ya kuliwasha umeme ukipotea ilikuwa kwa kichwa. Alipougua malaria wiki nzima, hicho kichwa kilikuwa kimelazwa Kajiado na dripu, na ofisi ikakaa bila kufungua hata ramani moja. Bosi alimwomba, kwa upole ambao sisi wengine hatukuwahi kuuona, aandike mambo hayo mahali. Alikubali. Akanunua daftari jipya, akaliweka mezani, na lilikuwa bado jeupe siku alipostaafu.

Kanisani alikuwa mzee wa vipaza sauti. Kila Jumapili, mchungaji akifika katikati ya sala, spika zilipiga kelele ya kutoboa sikio, na Injinia akageuka kuwatazama wanakwaya mpaka mmoja wao akaona aibu. Nilikuwa nakaa safu ya tatu. Miaka yote hiyo sikumwona hata siku moja akizitazama nyaya.

Nisimwonee. Simu za mlinzi wetu na za wasichana wa duka la chini alizitengeneza bila malipo, na akikutengenezea kitu hakukukumbusha tena. Mtoto wangu alipozidiwa na kifua, Injinia alitoka kwenye kile chumba chake baridi, akatuendesha mwenyewe hadi hospitali ya Kajiado, akasubiri kwenye benchi mpaka tukapewa kitanda. Njia nzima alinisema, kwamba watu wa kutoka kwetu hatujui kufunika watoto, kwamba hata simu yangu ni ya aibu. Lakini alisubiri. Nimejaribu mara nyingi kuuondoa wema huo katika hesabu yangu juu yake, na nimeshindwa, jambo linaloniudhi.

Sasa nieleze zile diski. Lile sanduku lilikuwa zito mno. Ukiomba ramani ya shamba moja, uliweza kushuka chini, ukachagua parachichi, ukarudi, na ramani bado inajikokota. Bosi akamwita muuzaji wa vifaa kutoka Nairobi, naye akaleta SSD mbili, diski ndogo nyembamba zisizo na kitu kinachozunguka ndani, za kasi sana. Mawazo yake yalikuwa rahisi. Hizi ndogo za kasi zinakaa mbele, zile nane za polepole zinakaa nyuma. Unachokitumia leo kinawekwa mbele, na kazi mpya inapokelewa mbele kwanza, kisha polepole inapelekwa nyuma. Mpangilio huo wenye kazi wanauita kache. Nilikuwepo, nimewapelekea chai, na nilimsikia yule muuzaji akirudia mara mbili: hizi ni mbili makusudi, zinashika kitu kilekile, kwa sababu kazi mpya inayosubiri huku mbele bado haiko nyuma. Moja ikifa, nyingine inabaki nayo. Injinia alitikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto akihesabu.

Muuzaji alipoondoka, Injinia aliweka moja. Ya pili aliifunga kwenye kompyuta yake mwenyewe. Nilipomuuliza, alisema yeye hawezi kufunga ng'ombe wawili kamba moja wakati mmoja anatosha. Tangu hapo kompyuta yake iliwaka kabla hajakaa kitini, na kwa wiki mbili alikuwa anaita watu mmoja mmoja waje kuitazama ikiwaka. Hata mlinzi aliitwa. Tulitazama, tukasifu.

Halafu kulikuwa na jambo la kelele. Zile diski nane zilikoroma zikiandika, na meza ya Injinia ilikuwa kando yazo. Saa saba, baada ya maziwa, Injinia alikuwa na maombi yake ya faragha, ambayo ukipita mlangoni uliyasikia yakikoroma pia. Kelele za diski zilimkatiza. Kwa hiyo aliingia ndani ya mipangilio, akaliambia sanduku lisipeleke kazi mpya nyuma mpaka SSD ikaribie kujaa. Kukawa kimya. Bosi aliambiwa kwamba diski zinapumzishwa ili ziishi miaka mingi, na mwisho wa mwaka Injinia akatajwa katika hotuba. Maana yake, kazi yetu ya wiki nzima, hata mbili, hata tatu, ilikuwa imekaa kwenye diski moja isiyo na mwenzake, ili mtu mmoja alale.

Juu ya hayo aliweka sheria. Mpimaji akirudi ofisini, akishaingiza kazi yake, afute kila kitu kwenye vifaa vya shambani papo hapo. "Kitu kikishaingia kwa sanduku kimeokoka," alisema. Nilikuwa nasimamia ufutaji huo mimi mwenyewe. Nilikuwa naweka tiki.

Hapo ndipo anapoingia Yeyo. Jina hilo la heshima, la mama kwa Kimaa, ndilo sote tulilomwita. Ni mjane kutoka mbele ya Kajiado, ambako ranchi ya pamoja iligawanywa, kila familia ikapata sehemu yake. Ya Yeyo ilikuwa na silanga, lile bwawa la kunyweshea ambalo mumewe alilichimba kwa mkono na ndugu zake. Jirani akasogeza ua. Leo hatua kumi, kesho hatua kumi, mpaka silanga ikawa ndani kwake. Mtu mmoja tu aliyebaki hai aliyekuwepo siku mipaka ya familia ilipotembewa alikuwa shemeji yake Yeyo, mzee sana, miguu imekwisha.

Mzee huyo alitembea na mpimaji wetu siku mbili, akipumzika kila baada ya hatua chache. Alisimama mahali kumi na moja. Kila mahali alizungumza kwa Kimaa kwenye kinasa sauti: mti huu ni upi, nani alizikwa hapa, nani alikubali na mbele ya nani. Mpimaji aliandika namba za sehemu hizo kwenye kitabu chake cha karatasi, lakini namba hazisemi ni nani aliyezionyesha. Sauti ndiyo ilikuwa ushahidi.

Kesho yake Yeyo alikuja Kitengela, akapanda ngazi zote, akaomba kuonyeshwa mahali shemeji yake amewekwa. Injinia alimzuia mlangoni kwa sababu ya vumbi la viatu vyake. Kwa hiyo nilimwonyesha sanduku kutoka nje, na nikamwambia maneno haya kwa mdomo wangu: "Yeyo, hata mpimaji akipotea, hata mimi nikiondoka, maneno ya mzee yako hapo." Akashika mkono wangu. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo.

Wiki mbili baadaye umeme ulikatika Kitengela mchana, ukarudi, ukakatika tena. Sanduku lilipowaka lilianza kulia kama king'ora. Bosi alikuwa na wageni wa kaunti sebuleni. Kupitia mlango nilimwona Injinia akichomoa ile SSD, akabonyeza kitu kwenye skrini, akabonyeza tena, na kelele ikaisha. Alitoka akipangusa mikono.

"Ilikuwa nini?" bosi akauliza.

"Ni kache tu. Nakala nakala. Vitu vyenyewe viko nyuma."

Jioni ile niliona mafaili ya wiki tatu hayaonekani. Nilimwambia. Alisema sanduku linajipanga, diski nane haziwezi kujipanga kwa siku moja, maktaba yenyewe haikupangwa kwa siku moja. Baada ya siku chache nilimuuliza tena. Bado linajipanga. Nilimuuliza mara ya tatu, akaniuliza kama nataka ufunguo nikae mimi. Basi nikanyamaza. Ninaandika kumdharau Injinia, na ninajua kabisa kwamba nilinyamaza.

Wapimaji wengine walirudia kazi zao wakitumia vitabu vyao vya karatasi, wakilalamika chini chini. Mzee wa Yeyo hakurudiwa, kwa sababu tuliamini anapangwa humo ndani. Aliishi wiki saba zaidi. Alikuwa anakaa nje ya boma lake anaota jua, akili timamu, na angeweza kubebwa kwa gari akatembezwa tena. Hakuna aliyejua kwamba kuna haja. Yaani, yuko mmoja aliyejua.

Yeyo alikuja baada ya mazishi, akitaka tu kumsikia. Siku hiyo ndipo Injinia aliposema kwamba ile SSD iliungua kwa umeme na aliitupa. Alilisema hilo akitazama dirisha. Bosi aliomba msamaha kwa barua nzuri. Jirani alipopata habari alianza kusema kwa kila mtu kwamba mzee hakutembea popote, kwamba Yeyo ndiye aliyempeleka mpimaji mwenyewe, akamlipa, akaonyesha alipopenda. Watu wakaanza kumsalimia Yeyo huku wakimchungulia. Miezi mitatu baadaye tulimuaga Injinia kwa keki ya kustaafu. Aliikata vipande sawasawa kwa rula.

Wiki iliyopita Yeyo alinipigia simu. Wazee watakaa kuamua habari ya silanga Alhamisi ijayo, na akaniomba nije niseme kwamba sauti ilikuwepo. Nilimwambia mimi niliipokea tu, neno langu ni jepesi. Aliyeipoteza ndiye aseme. Basi juzi, Jumamosi asubuhi, tulikodi gari, nikampitia kwake, tukaenda nyumbani kwa Injinia, upande wa pili wa Kajiado. Nilimwomba Yeyo asubiri kwanza kwenye kivuli cha tangi la maji. Nilitaka kumtukana mtu bila shahidi.

Nilimkuta zizini, amevaa gambuti, ufunguo bado shingoni. Wa nini, sijui.

"Maktaba, umepotea," alisema, na uso wake ulifurahi kweli.

Ndama alikuwa amezaliwa alfajiri. Injinia alitoa kitabu mfukoni, akaandika: rangi, mama, saa, alama ya sikio. Kisha akatoa kitabu cha pili kwenye mfuko mwingine, akanakili yote upya, neno kwa neno, akitazama mara mbili. Akamwita mkewe akampa hicho cha pili akakifungie ndani.

"Vitabu viwili vya nini?" nikamuuliza.

"Moja ikipotea je?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Hii ni mali. Huwezi andika mali mahali pamoja."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi makali tangu Kitengela. Yote yalinitoka. Nilisimama tu nikimtazama mpaka yeye mwenyewe akasikia alichokisema. Akafunga kalamu. Akaingia ndani, nikadhani ametorokea mlango wa nyuma, lakini akarudi na mkebe wa siagi. Ndani, imefungwa kwa kitambaa cha mkononi kilichopigwa pasi, ilikuwa ile SSD.

"Sikuitupa," alisema.

"Iliungua?"

"Haikuungua. Ilikuwa inangoja tu kumaliza kazi yake. Nilisoma lile onyo kwa skrini, kwamba ina kazi haijaenda nyuma, nikiwa nimeshabonyeza sanduku liisahau."

"Kwa hiyo ulijua siku ileile."

"Siku ileile."

"Mzee alikuwa hai, Injinia. Wiki saba."

"Niko na jina, Maktaba. Wangesema Injinia hajui."

Nilimwambia kwamba tulikuwa tunajua kwamba hajui, tangu zamani, ofisi nzima, hata mlinzi. Nilimwambia kwamba hiyo haikuwa siri hata kidogo. Sijui nilitarajia nini, lakini haikunifurahisha nilivyofikiri itanifurahisha.

Aliniambia niipeleke Nairobi kwa mtu anayejua, kwamba kwa vile haikuguswa tangu siku ile, huenda sauti bado zimo. Kumi na moja, au tisa, au hata moja. Nimeshaipeleka, na nitajibiwa kesho. Nilikuwa naiweka kwenye mkoba wangu pale aliponishika mkono na kusema kitu hakitoki kwake bila kuandikwa. Nilitamani kucheka. Alikaa kwenye kigoda, akamwita mkewe alete kile kitabu cha pili, akaandika kwa mwandiko wake wa herufi kubwa, kisha akanakili. Nilisubiri. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo nilikuwa namsubiri Injinia aweke kitu mahali pawili.

Nilisoma alichoandika. SSD moja. Imetoka kwangu leo. Niliichomoa mimi. Haikuwa nakala.

"Nakala ziko mbili," nikasema. "Nipe ukurasa mmoja. Ni wa wazee, Alhamisi."

Aliweka kitabu magotini. Kisha akatoa rula, akaipiga kwenye ukurasa wa kitabu cha pili, akauchana ukanyooka. Aliniomba usisomwe mbele ya watu wa kanisa. Nikamwambia wazee wenyewe ndio watu wa kanisa.

Alinisindikiza hadi kwenye tangi la maji, na hapo akamwona Yeyo. Alisimama. Akamsalimu kwa Kimaa, akaitikiwa. Yeyo aliutazama ule ukurasa mkononi mwangu, nami nikampa, lakini Yeyo hasomi, na akamnyooshea Injinia amsomee.

Kwa Kiswahili ulikuwa ukurasa wa sentensi nne. Kwa Kimaa ulichukua muda mrefu. Kimaa changu ni kidogo, lakini nilimsikia akitafuta. Hakuna mahali alipopata neno kache, wala sanduku linalojipanga. Nilisikia jina la mzee. Nilimsikia akijitaja mwenyewe, akapiga kifua kidogo kwa kidole. Alipomaliza alitaka kunirudishia ukurasa.

Yeyo alimzuia mkono. Akamwambia asome tena, na Injinia akauinua ukurasa, akaanza mwanzo.